Rangi Isiyotoka kwa Sabuni

Tarehe 4 Februari

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimekaa kuandika nikiwa nimeapa kukueleza kila kitu, hata yale ambayo mama amenikataza. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema barua yenye uwongo ni afadhali ibaki ndani ya kalamu, kwa hiyo hii haina uwongo.

Kwanza salamu. Baba hajambo. Bado anashona viatu pale pale kibandani kwake, na bado anasema miguu ya watu wa mtaa huu imepinda kuliko barabara yao. Bibi hajambo isipokuwa magoti. Mimi nimechagua masomo ya sayansi, na Mwalimu wa Biolojia amenipa kazi ya kutunza ile sanamu ya mwili inayofunguka kifua. Nafuta vumbi kwenye mapafu kila Ijumaa.

Sasa mama. Mama amepungua. Sketi yake ya kahawia ameibana, akaibana tena. Akiinuka kwenye cherehani hushika ukuta kwanza, akasimama amefumba macho kama mtu anayesikiliza kitu. Nikimwuliza anasema, "Kizunguzungu tu, nimekaa sana." Jua halijafika utosini ameshachoka. Na chumvi! Nimemkuta jikoni anaichota kwa kidole na kuilamba kama mtoto aliyepata sukari. Alipoona nimemwona akacheka: "Unanitazama hivyo kwani nimeiba?"

Bibi ana jibu lake. "Mwanamke mwenye kichefuchefu na chumvi mdomoni haulizwi," alisema, na ameanza kufuma kofia ya mtoto, ya manjano, ifae wa kike na wa kiume. Mama akamwambia, "Mama, hakuna mtoto." Bibi akajibu, "Hata mimi nilisema hivyo hivyo, nawe ukaja."

Kuna pia jambo la rangi. Unajua mama anashona sare za shule, na safari hii kitambaa ni bluu iliyoiva, karibu na nyeusi. Tangu majora hayo yaingie ndani, mistari ya viganja vyake imekuwa myeusi kama imechorwa kwa wino. Vifundo vya vidole pia. Anasugua kwa sabuni na jiwe la miguu mpaka ngozi inawaka, rangi haitoki. Hata fizi zina madoa, naye anasema ni kwa sababu hukata uzi kwa meno. "Nimeuziwa kitambaa kinachovuja," anasema, "yule muuza vitambaa atanitambua." Sote tuliamini. Mimi niliamini mpaka juzi alipovua viatu, nikaona kovu la mguuni, lile aliloungua kwa pasi mwaka jana, limekuwa jeusi vile vile. Mama Mdogo, mguu unakanyaga cherehani, lakini haushiki kitambaa.

Mama alinionya: "Usimwandikie mama yako mdogo mambo yangu. Ana yake." Sijui yako ni yapi. Lakini wewe uko mbali, na aliye mbali wakati mwingine huona vizuri. Unaonaje, ni kitambaa kweli?

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 11 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua yako ilikwenda kwenye chumba changu cha zamani. Nimehamia karibu na kazini, na mwenye nyumba wa kule aliiweka chini ya chombo cha maua mpaka jana alipokumbuka kunipa. Ina duara la maji juu ya jina langu. Nisamehe kuchelewa, si kosa la moyo.

Hapa baridi inauma, nami ni mzima kwa kiasi changu. Kazi ni ile ile ya mikate, ila sasa mimi ndiye mkandaji, nimetoka kwenye kufagia. Tanuri hukausha mtu. Nina kikombe changu cha maji ya chumvi kando ya meza, na wenzangu wananiita Bahari. "Bahari, leo imekupwa au imejaa?" Nawaacha wacheke, mkono hauachi kukanda.

Nilipofika pale kwenye mistari ya viganja, nilikaa chini juu ya gunia la unga. Kisha nikampigia mama yako simu. Akacheka. "Umeanza kupokea umbea wa watoto? Ni kitambaa." Nikamwambia, Dada, nenda hospitali. Akasema ana sare za kumaliza, baadaye, akakata. Unamjua. "Baadaye" ya mama yako ni "sitaki" iliyovaa nguo nzuri.

Kwa hiyo nakuambia wewe. Hicho si kitambaa, wala si mimba. Mtoeni kwenye ile cherehani, kwa hila kama kwa wema haiwezekani, mumfikishe kwa daktari. Na mkifika yasemwe yote kwa pamoja, yasigawanywe: uchovu, kupungua, kichefuchefu, kizunguzungu akisimama, hamu ya chumvi, weusi wa viganja, fizi na kovu. Ukisema uchovu peke yake, ni nani ambaye hajachoka? Mwombe daktari atazame tezi za adrenali. Ziko mbili, zimekaa juu ya figo, moja huku na moja kule. Kwenye ile sanamu yako huenda hujaziona, ni ndogo. Zitafute.

Usiniulize nimejuaje. Na usisubiri nijibu barua nyingine ndipo muende.

Mama yako mdogo


Tarehe 2 Aprili

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Baba anakusalimu. Bibi anakusalimu na kuuliza kama huko unavaa soksi. Mama anakusalimu yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kutoka kitandani hospitalini. Yu hai, na anaendelea vizuri. Nimeliandika hilo mapema ili usome mengine kwa utulivu.

Nilitumia hila, kama ulivyosema. Nilimwambia, "Mama, kama ni kitambaa, twende ukamwonyeshe muuza vitambaa mikono yako." Hapo hakusema baadaye. Alijifunga kitambaa kichwani na kutoka, mimi nyuma.

Muuza vitambaa ni yule mtu mnene anayeitwa Bwana Mita, kwa sababu ule utepe wa kupimia hauondoki shingoni. Mama alianzia mlangoni.

"Bwana Mita, kitambaa chako kinanichora kama ukuta wa choo!"

"Mama, kitambaa changu kimetoka kiwandani na mhuri."

"Mhuri unazuia nini? Tazama mikono!"

Bwana Mita hakutazama. Aliagiza beseni, maji ya moto na sabuni, akakata kipande kutoka kwenye jora lile lile. "Sugua wewe mwenyewe," alisema, "usije ukasema nimekufanyia mazingaombwe." Watu walikwisha kusogea. Mwanamke mmoja akasema, "Leo Mita kapatikana." Mama alisugua kwa nguvu zake zote, na mimi nikawa naomba kimoyomoyo maji yawe bluu. Mama Mdogo, sijawahi kutamani kitu kichafu kiasi kile.

Povu lilibaki jeupe. Bwana Mita akakamua kile kipande ndani ya leso yake, leso nayo ikabaki nyeupe. Hakuna aliyecheka. Ndipo alipochukua kiganja cha mama, akakipeleka dirishani kwenye mwanga, na sauti yake ikashuka.

"Dada yangu, hii haikutoka dukani kwangu. Nenda hospitali. Cherehani haina miguu ya kukukimbia."

"Ina mguu mmoja," mama alisema, lakini hakucheka. Tulipofika kwenye kona ya kwetu, hakukata kona. Tulinyooka mpaka hospitali.

Daktari ni mwanamke, bado kijana, ana sauti ya pole. Nilisema yote kwa pamoja, sikugawa. Akaacha kuandika. Alimtazama mama mdomoni, akampima presha akiwa amelala, kisha amesimama, na mama alipoyumba akamdaka yeye mwenyewe kabla ya muuguzi. "Hamtarudi nyumbani leo," alisema. Walimwekea maji ya chumvi mshipani, wakapima damu, na jibu likawa kwamba ile homoni ya zile tezi, iitwayo kotisoli, karibu haipo. Askari wa mwili wake mwenyewe wamezishambulia tezi zake wakidhani ni adui, na zimechakaa. Hazitapona. Lakini kinachokosekana kinaweza kumezwa kwa kidonge, kila siku, maisha yote.

Nilikwenda shuleni nikaifungua sanamu. Nilikuwa nimezipita mara nyingi kwa kitambaa cha vumbi! Ya kulia ni kama pembetatu, ya kushoto kama mwezi mwandamo. Mwalimu wa Biolojia alinikuta nimepiga magoti mbele ya tumbo la plastiki, akadhani nimepoteza kitu. Nilipomweleza, akavuta kiti, tukakosa chakula cha mchana sote wawili. Alisema kila tezi ina uzito kama wa karatasi moja ya kuandikia. Karatasi moja! Nimeishika hii ninayokuandikia mkononi, nikafumba macho, nikaona kama sijashika kitu.

Na kazi zake, Mama Mdogo! Ganda la nje lina homoni inayoziambia figo ziokote chumvi na kuirudisha kwenye damu isipotee, kama mama anavyopitisha sumaku sakafuni jioni kuokota pini. Ya mama iliacha kuokota. Kumbe alipokuwa akilamba chumvi hakuwa na uroho. Mwili ulikuwa ukimtuma dukani bila kumweleza kwa nini.

Lakini lililonishangaza kuliko yote ni rangi. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, kama punje ya njegere, inayoziamuru adrenali zifanye kazi. Zisipoitika, inaita tena, inaita zaidi. Na ujumbe ule wa kuita unafanana sana na ujumbe unaoamsha rangi ya ngozi, kwa hiyo ngozi inasikia wito usio wake na kuitika. Miezi yote ile sisi tulikuwa tunasugua kwa jiwe, na kumbe ilikuwa ni sauti. Mwili wa mama ulikuwa ukiita kwa nguvu mpaka ukaonekana viganjani.

Juzi nilimkuta ameketi, anamfokea muuguzi kwamba pindo la shuka limeshonwa na mtu asiye na adabu. Nilitoka nje ya wodi nikalia kwa furaha. Bibi ameambiwa hakuna mtoto, ni tezi iliyokaa juu ya figo kama kofia. Akainua ile kofia ya manjano: "Basi ipelekeeni, imekwisha."

Jambo moja sikulielewa. Daktari aliuliza kama kuna ndugu wa damu mwenye ugonjwa huu. Mama aligeukia ukutani akasema amechoka. Kwa nini alinyamaza?

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 20 Mei

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, na marahaba tena. Mwambie Bibi navaa soksi, na juu yake nyingine. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika. Sikujibu upesi kwa sababu niliugua kidogo, mafua tu, lakini mafua yangu huwa hayana haraka ya kuondoka. Nimepona. Nimepewa oveni ndogo ya mikate ya maziwa niisimamie peke yangu, na Bwana Mkubwa wa hapa, ambaye hajamsifu mtu tangu azaliwe, alikula mmoja akasema, "Hauna ubaya." Wenzangu walinipigia makofi.

Umeuona muujiza wa rangi. Sasa nikuonyeshe mwingine. Ile kotisoli haitoki sawasawa kutwa nzima. Ukiwa bado umelala, macho hayajajua kama kumekucha, ubongo umeshatuma ujumbe na tezi zimeshaanza kazi. Sukari inafunguliwa ghalani, mishipa inajiandaa kukusimamisha. Ukifumbua macho unakuta umekwisha kuandaliwa. Na siku zote ulidhani unaamka mwenyewe! Mimi hupita mitaani kwenda kuwasha tanuri, natazama madirisha ya watu, nawaza: humo ndani kila mtu anawashiwa tanuri lake, wala hajui, wala hajashukuru. Isipokuwa wachache, ambao lao huwashwa na kidonge na glasi ya maji. Hao hukaa kitandani na kusubiri joto lifike miguuni. Linafika. Mwambie mama yako awe na subira asubuhi, linafika.

Sasa sikiliza. Mwili wenye afya ukipata homa, kuvunjika au hofu kubwa, huongeza kotisoli wenyewe. Wa mama yako hauwezi. Akipata homa, dozi iongezwe kama daktari alivyoagiza. Na akitapika, kidonge hakikai tumboni, basi ni sindano ya kotisoli na hospitali, saa hiyo hiyo. Hakuna "tuone kwanza". Mwili ulioishiwa hauombi mara mbili, unazima. Muuguzi akufundishe wewe kuchoma. Usimwachie baba yako, yeye akiona damu hulala kabla ya mgonjwa.

Halafu kuna jambo hukuniuliza, lakini nimelisikia kati ya mistari. Si lazima ugonjwa huu ukufikie. Uwe na macho tu, usiwe na hofu.

Kuhusu swali la ndugu wa damu, gari la unga limefika na mimi ndiye wa kulipokea. Nitaandika siku nyingine.

Mama yako mdogo


Tarehe 9 Julai

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Baba mzima, Bibi mzima, mama yuko nyumbani na amenikataza kumfulia, kwa hiyo ujue amepona. Ile siku nyingine uliyoahidi hukuandika, wala mimi sikuandika, kwa sababu kuna jambo lilitokea na nilitaka kwanza mkono wangu utulie.

Muuguzi alinifundisha kwa chungwa. Nilichoma machungwa mpaka Bibi akasema nyumba hii sasa tunakula matunda yaliyotibiwa. Tulicheka sana, hata mama. Kisanduku cha sindano kilikaa kwenye rafu juu ya cherehani, na kila mmoja alikizoea kama saa ya ukutani.

Kisha Jumamosi moja mama aliamka tumbo limevurugika. Alimeza kidonge, kikarudi. Akameza kingine, kikarudi. Baba alikuwa ameenda kununua ngozi. Mchana nilimkuta sakafuni karibu na cherehani, mkono umeshika kitambaa, midomo imekauka, ananiita kwa jina la mtu mwingine. Jina lenyewe lilikuwa lako.

Bibi alikuwa ameketi naye. "Mwache apumzike," alisema. "Mgonjwa aliyelala haamshwi."

Nikamwambia, "Bibi, tukimwacha apumzike hataamka."

Sijawahi kumjibu Bibi hivyo maishani mwangu. Akasogea, akasema, "Nishike wapi?"

Mama Mdogo, sasa nakueleza kitu ambacho sijamweleza mtu. Nilipofungua kisanduku moyo ulinipiga masikioni, mdomo ukakauka, na mikono ikatetemeka hata kichupa kikagonga meza. Kisha mwanga wa chumba ukawa kama umeongezwa. Niliona kila uzi kwenye sakafu. Mikono ikawa ya baridi, ikatulia, ikanitii. Nami nilijua ni nini, kwa sababu nimesoma: ni kiini cha ndani cha zile tezi, kimemwaga adrenalini. Karatasi zangu mbili zilikuwa zimeitika. Zake zilishindwa kuitika, zangu zikaitika, katika chumba kimoja. Na mimi nilizipata wapi hizi tezi kama si tumboni mwake? Nilipomchoma pajani nilikuwa nalia, lakini mkono haukulia.

Bibi alimshika mguu na kumwimbia kitu ambacho nadhani aliwaimbia ninyi mlipokuwa wadogo. Jirani alileta gari. Tulipofika hospitali, daktari alishika kile kichupa kitupu, akanitazama, akasema, "Umemfikisha." Basi. Sijui kama nitapata sifa nyingine inayonitosha kama hiyo. Nimeamua ninachotaka kusomea, ila hilo nitaliandika likiwa karibu zaidi.

Jioni mama alipopata sauti, daktari akauliza tena lile swali la ndugu wa damu. Safari hii mama hakugeukia ukutani.

"Ninaye mdogo wangu," alisema. "Anameza vidonge tangu mwaka alipoondoka. Aliniapisha nisimwambie mama yetu, asije akamzuia kurudi kazini."

Alisema yeye alijua vidonge tu, hakujua jina la ugonjwa. Ulipokuja kututembelea weusi wako ulikuwa umeshaondoka, na wewe ukasema ni dawa za damu. Bibi alikuwa pale pale kwenye kiti. Nilidhani atapiga kelele. Alikunja mikono, akasema taratibu, "Kumbe mna siri na mimi niliyewazaa." Kisha akauliza, "Huko analala na nani?"

Mama akasema, "Peke yake."

Bibi hajafuma kitu tangu siku hiyo.

Hatukulaumu, Mama Mdogo. Daktari atakuwa ananipima mara kwa mara, na mimi sina hofu, au ninayo kidogo tu. Lakini nimeshika kichwa cha mama sakafuni, na najua jinsi mtu anavyozima bila kelele. Kuna watu wanakupigia makofi kwa mkate wa maziwa, wanakuita Bahari, na hakuna hata mmoja uliyemwambia kwa nini unakunywa chumvi. Sitaki tena habari za baridi wala za unga kabla ya jibu la jambo moja, na naliomba kwa posta ya kwanza inayorudi: siku kidonge kitakapokataa kukaa tumboni, na wewe uko chini, mlango umefungwa kwa ndani, ni nani hapo mwenye ufunguo, anayejua sindano yako iko wapi?